Karantini ya Mama Mkwe

Kituo cha Mifugo
4 Aprili

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo, Mama. Kwanza niwie radhi kwa ile kamba nyekundu niliyofunga langoni kwako juzi. Nilijua nikimtuma mtu mwingine utasema mkwe amejificha, na nikija mwenyewe utasema mkwe hana haya. Nikaona bora kukosa haya.

Sikuingia ndani kumwona mtoto kwa sababu za kikazi. Buti zangu zilikuwa zimetoka kwenye zizi lenye ugonjwa wa mapele ngozi, na nilikuwa na mazizi mengine ya kupita kabla jua halijazama. Nimesikia mke wangu na mtoto wote wazima tangu ajifungue hapo kwako. Nashukuru sana.

Sasa tuje kwa Mwenyekiti. Najua marehemu Baba alimlea fahali yule kwa chupa, na najua unasema amepona. Mapele yamekauka, anakula, anapunga mkia. Lakini Mama, kupona kwa macho si kupona. Ugonjwa huu unaenezwa na nzi wanaong'ata: anamuuma mgonjwa, anaruka, anamuuma mzima, kazi imekwisha. Na virusi vyenyewe ni ving'ang'anizi. Mnyama anaweza kunawiri nje na bado akawa navyo kwa miezi, kwenye makovu na kwingineko. Kwa hiyo ng'ombe wako yeyote asitoke nje ya ua. Banda la Mwenyekiti lizungushiwe ile neti niliyoiacha, samadi iondolewe kila siku maana ndimo nzi hao wanamozaliana, na dawa ipulizwe kila wiki. Mwenyekiti mwenyewe akae peke yake, asichanganyike na wenzake mpaka nitakapokujulisha.

Mke wangu aanze kufungasha. Jumamosi nitatuma gari liwachukue.

Kwa heshima,
Mkweo

Tafadhali niandikie hali ya makovu ya Mwenyekiti, hasa ya shingoni.


Nyumbani
8 Aprili

Bwana Mifugo,

Marahaba yako nimeiweka kabatini. Utaikuta siku utakapofungua kamba yako.

Simu nimeizima, na ya mkeo usihangaike kuipiga. Kwenye simu unaongea mbio kama dalali mnadani, kesho yake unasema hukusema. Wewe andika. Dereva wa lori la maziwa anapita kwangu kila asubuhi, karatasi itafika na mimi nitaitunza.

Eti viatu! Baba, viatu huvuliwa. Ulikaa chuoni miaka yote ile na hilo hawakukufundisha?

Nimeisoma amri yako. Nimevaa miwani nikaisoma tena. Huyu asitoke, yule asitoke. Sawa, sheria ni sheria, na mimi si mhuni. Basi na mimi naweka karantini yangu. Wewe umesema kisitoke kitu zizini kwangu. Mimi nasema kisitoke kitu nyumbani kwangu. Mkeo na mtoto watakaa hapa mpaka nitakapokujulisha. Gari lako la Jumamosi litapewa maji ya rejeta na litarudi lilikotoka.

Makovu ya Mwenyekiti yako shingoni, pale pale ulipoyaacha. Anakusalimu. Mimi pia sijambo, nakwambia kwa kuwa hukuuliza.

Mama Mkweo


Kituo cha Mifugo
12 Aprili

Mama mkwe,

Shikamoo. Gari limerudi tupu. Dereva ananiambia umefunga kamba ya kwako, ya kuanikia nguo, juu ya kamba yangu, na umemwonya asiiguse kwa sababu iko chini ya uchunguzi. Ofisi nzima imecheka. Sasa hivi wananiita Mkwe wa Mwenyekiti, na bosi wangu naye ameanza.

Mama, nakusihi unielewe. Nikikufungulia wewe, kila mfugaji wa bonde hili atasema daktari anawafungia watu na kumwachia mama mkwe wake. Tayari wanasema. Kuna mzee mmoja amenifuata dukani na mkate mkononi kuniuliza kama fahali wako ana damu ya kifalme. Sikulala siku ile.

Na naomba niseme hili kwa adabu zote: ng'ombe na mke wangu si kitu kimoja. Huwezi kumfungia mtu kama unavyomfungia mnyama.

Nijibu haya: Mwenyekiti anakula kiasi gani? Macho yanatoa machozi? Kinyesi kikoje? Tezi za mabegani bado zimevimba? Ukimpapasa taratibu utazisikia.

Mkweo


Nyumbani
20 Aprili

Mkwe,

Nimefurahi umeligundua hilo, kwamba ng'ombe na mkeo si kitu kimoja. Kwa barua zako nilidhani hujui.

Amri zako zote nimezitimiza, usije ukasema mama mkwe wako mkaidi. Samadi inatolewa kila asubuhi, na mgongo wangu unajua hivyo. Dawa tumepuliza, mimi na mkeo, tukakohoa mpaka majirani wakadhani tunaumwa sisi. Neti yako Mwenyekiti ameila upande mmoja. Nimeishona kwa uzi wa gunia, akaila tena pale pale kwenye uzi. Nimemweleza kwamba ni mali ya serikali. Hajali.

Anakaa peke yake kama ulivyosema, nyuma kabisa, mbali na wenzake. Anakoroma kwa upweke, na akikoroma mtoto naye anaamka analia, wakipokezana mpaka nashindwa kujua nani ni nani. Ng'ombe haelemewi na nunduye, lakini mimi kuna siku naelemewa.

Anakula. Machozi hana. Kinyesi ni kinyesi. Tezi sikumpapasa, mimi si daktari, na yeye si mtu wa kupapaswapapaswa tangu Baba yenu afariki.

Kuna lingine ulilotaka kuuliza?

Mama Mkweo


Kituo cha Mifugo
26 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hapana, umenijibu yote. Ahsante sana.

Ila neti, Mama, neti! Ipake pilipili pembeni asiile. Mwezi ujao nitakuja kuchukua damu. Naomba siku hiyo nirudi na familia yangu, ili jambo hili liishe bila watu kutuingilia.

Mkweo


Kituo cha Mifugo
15 Mei

Mama,

Shikamoo. Leo nimetoka kwa yule fundi cherehani wa ng'ambo ya kilima. Ng'ombe wake mmoja tu, anayewapa wanawe maziwa, amejaa mapele mwili mzima. Homa kali, miguu imevimba, maziwa yamekatika. Fundi amekaa mlangoni na futi yake shingoni. Watoto wake walikuwa wanamfukuza nzi yule ng'ombe kwa vipande vya kanga.

Nimezunguka nyumba zote za upande ule. Hakuna mgonjwa mwingine. Kutoka kwako mpaka pale ni mbali mno kwa nzi mmoja kuchagua ng'ombe mmoja na kuwaruka wote walio katikati. Fundi nimemwuliza, akaangalia chini akasema "muulize mama mkwe wako."

Mama. Nini kimetokea?

Mkweo


Nyumbani
18 Mei

Mkwe,

Mficha maradhi, kilio humfichua. Kwa hiyo nitasema, lakini ukimaliza kusoma jiulize mficha maradhi ni nani.

Fundi alikuja mwishoni mwa mwezi uliopita. Ng'ombe wake alikuwa anataka dume, na dume wa kukodi ni mbali. Akaniomba. Nikafungua barua yako nikaisoma neno kwa neno, kwa sauti, fundi akisikiliza. Ng'ombe wangu asitoke: hakutoka, wa fundi ndiye aliyeletwa nyuma ya ua. Asichanganyike na wenzake: wenzake walikuwa huku mbele, hawakumwona wala hakuwaona. Neti, ilikuwepo. Dawa, tulikuwa tumepuliza asubuhi yake. Mwenyekiti akafanya alichoitiwa, mgeni akaondoka, mambo yakaisha kabla chai haijapoa. Nikasema moyoni, nimemsaidia jirani na sheria ya mkwe sikuivunja.

Wewe ni daktari wa mifugo. Kazi ya fahali unaijua? Kama kulikuwa na hatari katika jambo hilo kwa nini hukuliandika? Kurasa na kurasa za kinyesi na machozi, na kumbe jambo lenyewe hukulitaja! Nimemwangalia fundi usoni jana, nikatamani ardhi ipasuke.

Nijibu wazi. Mimi nimezaa saba na nimezika mume. Hakuna neno la kunivunja miguu.

Mama Mkweo


Kituo cha Mifugo
21 Mei

Mama,

Shikamoo.

Nimeanza barua hii, nikaichana, nikaanza tena. Sawa. Mbegu. Virusi hivi hubaki kwenye mbegu za fahali. Ngozi inaweza kupona kabisa, na mbegu zake zikawa bado zinavyo kwa wiki nyingi, hata miezi. Ile "kwingineko" niliyoandika siku ya kwanza ndiyo hiyo. Nilitakiwa niseme: Mama, asipande ng'ombe yeyote, si wako wala wa mtu. Kila mfugaji mwingine nilimwambia hivyo hivyo, kwa neno lenyewe, na wengine nikawachorea.

Kwako nilishindwa. Nilishika kalamu nikakuona umekaa barazani umevaa miwani, unasoma mkwe wako anakuandikia habari za kupandana. Nikasema hapana, atajua mwenyewe. Nikaandika asichanganyike. Ndiyo hivyo. Nimefanya adabu, na ng'ombe wa fundi amelala chini.

Lakini na wewe, Mama! Kuna kamba nyekundu langoni! Kuna bango lina picha ya ng'ombe na mstari juu yake! Mtu akiona vile anampeleka ng'ombe wa jirani nyuma ya ua kimyakimya, na wakati ule ule anajisomea barua kama wakili? Si ungeuliza? Karatasi ni bei gani? Nimechoka. Nimechoka na mapele, nimechoka kuchekwa ofisini, nimechoka kula mkate mkavu jikoni peke yangu kwa sababu ya fahali wa mtu.

Kesho nakuja na mwenzangu kuchukua sampuli ya mbegu za Mwenyekiti. Tutapima, tutarudia. Zikitoka safi mara mbili mfululizo, yuko huru. Zikiendelea kuwa navyo, itabidi achinjwe, na nitalisema hilo sasa hivi nisije nikaambiwa nilificha.

Na mke wangu naomba unipe. Amefungiwa vya kutosha.

Mkweo


Nyumbani kwa Mama
24 Mei

Mume wangu,

Barua hii ni yangu, Mama hajaiona. Amekwenda kwa fundi na ng'ombe wetu mwekundu wa maziwa, yule aliyechanjwa, ambaye hakuwahi kuumwa na damu yake juzi umeiona safi. Wewe mwenyewe ulitia saini atoke. Anampa, si kumkopesha. Aliniambia, "Watoto wa fundi hawanywi samahani."

Nakuandikia kwa sababu umesema nimefungiwa. Sijafungiwa. Mlango wa nyumba hii hata komeo hauna, unaujua. Simu yangu ninayo, iko chini ya mto, ina chaji. Nimeizima mimi. Ile kamba ya nguo langoni nilimshikia Mama ncha moja akafunga. Yeye alijitwisha lawama kwa sababu aliniuliza naondoka lini, nikalia, akasema basi, acha nionekane mimi mbaya.

Ile siku ya kamba yako nilikuwa dirishani na mtoto begani. Nilimwambia, yule mwenye buti ndiye baba yako, subiri, anakuja sasa hivi. Ukakata kulia ukaingia zizini. Ukamshika Mwenyekiti kichwa kwa mikono miwili. Ukamfunua macho, ukamtazama ulimi, ukampapasa pele moja moja, na ulikuwa unamwambia kitu, nilikuona midomo ikicheza. Mimi nikasema, akimaliza. Ukamaliza, ukapanda gari.

Na juzi umekuja tena na mwenzako. Buti, chupa, barafu, zizini, garini. Ulinipungia mkono! Kama mtu anayempungia jirani.

Barua zako zote Mama ananisomea. Nimesikia makovu, nimesikia tezi, nimesikia kinyesi cha fahali kwa kirefu. Mama alikutegea kabisa, akakuuliza kama kuna lingine unalotaka kuuliza. Ukamjibu habari za pilipili. Siku ile Mama aliikunja barua akaenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Mwanao hana jina. Tulikubaliana wewe ndiye utampa, nami nimekusubiri uulize tu, japo useme "anafananaje." Watu hawasubiri. Dereva wa maziwa alinisalimia, akataka kuniita Mama fulani kama watu wanavyoitana, akakwama. Nikamwambia kwa hasira, niite Mama Karantini. Limeshika. Fundi ananiita hivyo, watoto wake wananiita hivyo. Mtoto mwenyewe akiitwa Karantini anageuka na kucheka. Sasa wewe utanyamaza mpaka aanze shule?

Mimi si mgonjwa, na mtoto si mgonjwa. Ulikuwa unaogopa kutuambukiza nini?

Mama Karantini


Kituo cha Mifugo
25 Mei

Mke wangu,

Dereva wa maziwa amenisubiri nje lori likiunguruma, nimemwomba asiondoke mpaka nimalize.

Hakuna nilichoogopa kuwaambukiza. Ugonjwa ule haumpati mtu. Buti zilikuwa kisingizio. Siku ile nilikuwa nimemfungia mama yako lango, nikaona nitaingiaje sebuleni kwake kuomba kushika mtoto? Nikasema nitarudi nikiwa na uso. Kila siku iliyopita uso ukazidi kupungua. Nikiandika barua, ya kwako yananijia yote kichwani, je umepona, je unalala, je maziwa yanatosha, na mbele yangu bahasha ina jina la mama mkwe. Mtu anamwulizaje mkwewe mambo ya uzazi? Nikadhani kunyamaza ndiyo heshima. Ya fahali yalikuwa rahisi, hayo ndiyo niliyoweza kuyaandika, na hata hayo sikuyaandika yote. Sasa naona ni ujinga ule ule mmoja, umemwangusha ng'ombe wa fundi na umekuliza wewe.

Anafananaje? Ana nywele? Analala upande gani? Akilia unamfanyaje, mimi nifanyeje? Ana vidole vya kwako au hivi vyangu vifupi? Kile kicheko kinatoka na sauti au mdomo tu? Wewe umepona? Mgongo? Unakula? Unanichukia?

Jina ninalo, tangu kabla hajazaliwa. Sitaliandika. Nataka nimwambie yeye kwanza, sikioni, ndipo niwaambie ninyi.

Mpe Mama barua hii asome. Yote.

Mumeo


Nyumbani
28 Mei

Mkwe wangu,

Barua yako nimeisoma. Nimeisoma barazani, nimevaa miwani, kama ulivyokuwa unaniogopa.

Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Wewe umezaa, basi acha kuficha. Kumwuliza mama mkwe "binti yako amepona?" si tusi. Tusi ni kutouliza. Mimi nimemkanda yule mtoto wako mgongo kila asubuhi na kila jioni nikingoja mtu aniulize tu unaendeleaje, nijisifu kidogo. Hukuniuliza. Na mimi kwa kiburi sikukwambia, wala habari ya fundi sikukuuliza, maana nilijisemea asiyeuliza haambiwi. Tuko sawa. Tumefanana kuliko mkeo anavyopenda.

Ng'ombe wa fundi amesimama jana. Mapele bado, lakini amesimama na amekula. Mimba kama iliingia imekwisha kutoka, ndivyo anavyodhani fundi. Fundi amempokea ng'ombe wangu mwekundu. Amenishonea vazi la mtoto kwa kitambaa chake mwenyewe. Nililia njiani peke yangu.

Majibu ya Mwenyekiti uliyomtuma dereva nimeyapata. Virusi bado vimo. Sawa, tutapima tena, na tena. Vikigoma kabisa nitamwita mchinjaji mimi mwenyewe, kazi hiyo sitakuachia wewe, kwa kuwa Baba yenu ataniuliza mimi. Kwa sasa yuko nyuma, peke yake, na hakuna ng'ombe wa mtu atakayefika. Nimeandika bango la pili kwa mkono wangu, kwa neno lenyewe. Wapita njia wanasimama kulisoma na kucheka. Waache wacheke.

Njoo Jumapili. Usitume gari, njoo wewe. Ukifika langoni utakuta kamba mbili. Ya serikali iruke. Ya kwangu nimeilegeza, utaishusha kwa kidole. Kutoka hapo nyumba iko kushoto na zizi liko kulia, kama siku ile. Mwenyekiti atakusikia na atakuita, maana amekuzoea. Mimi na mkeo tutakuwa tumekaa barazani, mtoto begani kwa mama yake, tunatazama miguu yako inakata wapi.

Marahaba.

Na buti uvue.

Mama Mkweo